Sefu ya Mzee Dihenga

Iko nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, si kwa woga, ila limebadilishwa mara nne tangu nizaliwe na sijui leo asubuhi wameamkia lipi. Ni nchi nzuri. Ina amani, ina wimbo mrefu wa taifa, na ina serikali inayowapenda raia wake mpaka siku moja ikaamua kumpa kila mwenye nyumba bunduki. Hakuna aliyeomba. Watu waliamka wakakuta malori yamepangana, kila mkuu wa kaya akaitwa kwa jina, akatia dole gumba, akaondoka na bunduki ndefu kifuani kama aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Risasi zilibaki makao makuu, maana serikali haikutaka raia waumizane.

Katika mji mmoja mdogo wa nchi hiyo, mtaa wa Mabanzini, aliishi fundi baiskeli aitwaye Mzee Dihenga. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwembamba, mpole, mtu wa kuomba radhi hata anapokanyagwa yeye. Mkewe, Bi Siwema, alikuwa kinyume chake: mrefu, mwenye mwili, mwenye mdomo. Kiharusi kilimkamata miaka miwili nyuma kikachukua upande wake wote wa kulia, mkono na mguu, lakini mdomo kikauacha kama kilivyoukuta. Tangu hapo Mzee Dihenga ndiye miguu yake. Asubuhi alimbeba mikononi kumtoa barazani apate jua, adhuhuri akamrudisha ndani, jioni akampeleka bafuni. Kila akimbeba aliguna, na kila akiguna Bi Siwema alimwambia, "Guna taratibu, baba Chausiku, majirani watadhani umebeba gunia la mkaa." Chausiku alikuwa binti yao wa pekee, aliyeolewa mbali huko mpakani.

Shida ya mji huo ilikuwa moto. Nyumba ni za fito na udongo, zimeezekwa makuti, na umeme wa nchi hiyo ulikuwa na tabia ya kupotea siku sita kisha kurudi siku ya saba kwa hasira. Ukirudi, nyumba mbili tatu zinaondoka. Gari la zimamoto lilikuwepo, tena jipya, lakini king'ora chake kilitoka kitamu mno, kwa hiyo likachukuliwa liongoze misafara ya viongozi. Watu walizoea, wakajenga, zikaungua, wakajenga tena.

Halafu siku moja moto ukapita mtaa wa jirani ukateketeza bunduki kumi na moja. Taifa zima lilitikisika. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, redio ikapiga muziki wa huzuni siku tatu, na Waziri wa Silaha za Nyumbani, Mheshimiwa Daktari Ndimbo, akalihutubia taifa kwa sauti iliyokauka.

"Ndugu wananchi," alisema, "chuma kile hakina miguu. Hakiwezi kukimbia. Ninyi mna miguu, mkakimbia, mkakiacha kinateketea peke yake. Mnapata wapi usingizi?" Akanywa maji, redio nzima ikasikia anavyoyameza. "Nimeambiwa pia kuna watu wanne walifariki. Tunawaomba radhi kwa usumbufu."

Wiki hiyohiyo likatoka Agizo la Kuokoa, likabandikwa kwenye kila mlango. Lilikuwa fupi, kwa sababu serikali ile ilijua raia wake hawana muda. Nyumba ikishika moto, mkuu wa kaya atatoa kwanza bunduki. Pili, cheti cha bunduki. Tatu, picha ya Kiongozi. Nne, watu, kuanzia wale wanaoweza kutembea wenyewe. Bunduki ibebwe kwa mikono miwili, mbele ya kifua, kwa heshima. Mikanda ya kuning'iniza begani ilishakusanywa zamani kwa kuwa ilionekana inaleta uzembe. Atakayeacha bunduki iungue, miaka saba jela. Atakayeacha mtu aungue, apewe pole.

Mzee Dihenga alilisoma agizo lile akiwa amesimama mlangoni kwake. Alilisoma tena. Kisha akatazama mikono yake, wa kushoto na wa kulia, akaona ni miwili tu.

*

Hakumwambia mkewe, lakini Bi Siwema hakuwa mtu wa kufichwa kitu. Alimwona anapima mlango kwa kamba, anapima bunduki, anamwangalia yeye kwa jicho la fundi. Akamwuliza, naye akasema yote.

"Basi nifunge mgongoni kwa kanga," alisema Bi Siwema. "Mimi nyuma, bunduki mbele. Utakuwa kama punda wa posta."

Wakajaribu. Alimketisha kitandani, akampa mgongo, akazungusha kanga mbili na kufunga fundo kifuani, akachukua bunduki kwa mikono miwili, akasimama. Alipiga hatua tatu. Ya nne, ule upande wa kulia wa Bi Siwema ukateleza, kwa sababu mkono uliokufa haushiki shingo ya mtu, na wote wawili wakaenda chini karibu na mtungi wa maji. Bunduki peke yake ndiyo haikuguswa na vumbi, maana Mzee Dihenga aliinyanyua juu wakati anaanguka, bila hata kufikiri. Bi Siwema alicheka pale sakafuni mpaka akapaliwa. Mzee Dihenga naye akacheka. Halafu akaiona ile bunduki, bado ameinyanyua kama bendera, huku mkewe kalalia mkono wake mbovu, na machozi yakamtoka palepale. Aliogopa. Hakuogopa moto wala jela, aliiogopa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi yake aliibeba bunduki akaenda nayo ofisi ya mtaa kuirudisha. Karani alimtazama kwa huruma.

"Kurudisha inaruhusiwa, mzee. Jaza fomu, subiri miezi kumi na minane. Lakini hapa chini panauliza: wakati unasubiri, bunduki itahifadhiwa ndani ya nini kisichoshika moto?"

"Itakuwa nyumbani kwangu."

"Nyumba yako haishiki moto?"

"Inashika."

"Basi huwezi kuirudisha mpaka uwe na mahali salama pa kuiweka," alisema karani. "Na ukiwa na mahali salama, utairudisha ya nini?"

Lakini yule karani hakuwa mtu mbaya. Alifungua droo akatoa waraka mwingine, mpya kabisa, akauweka mezani kwa kidole kimoja. Waraka ulisema hivi: mkuu wa kaya atakayenunua sefu ya nyumbani isiyoshika moto, iliyoidhinishwa na kuzinduliwa kihalali, atasamehewa kuibeba bunduki wakati wa janga, na mikono yake itahesabiwa kuwa mali yake mwenyewe.

Mzee Dihenga aliusoma mstari ule wa mwisho akiufuata kwa kidole. Aliomba nakala. Akaambiwa nakala hazitolewi, ila anaweza kuukariri, na aliukariri.

*

Duka la Taifa la Sefu lilikuwa makao makuu ya wilaya, safari ya nusu siku kwa baiskeli, na Mzee Dihenga aliwaachia majirani wamtazame mkewe. Lilikuwa jengo kubwa la zege, lenye feni, ndani mmepangwa makasha ya chuma ya kila kimo. Mshauri wa wateja aliitwa Bwana Mkwizu, kijana wa tai nyekundu, mwenye maneno ya kutosha ukumbi mzima.

"Karibu sana, mzee. Kuchagua sefu ya bunduki ni kama kuchagua mchumba, hatuangalii rangi tu," alisema, kisha akaanza na rangi.

Alimwonyesha ya kwanza, nyepesi, mtu mmoja anaisogeza. "Hii inavumilia moto dakika kumi. Inawafaa wanaoishi karibu na zimamoto."

"Nani anaishi karibu na zimamoto?"

"Hajatokea bado."

Ya pili ilivumilia nusu saa, lakini ilifungwa kwa kitufe cha umeme. Umeme ukipotea haifunguki. Ukirudi, yenyewe ndiyo inashika moto. Ya tatu ilivumilia saa nzima na ilikuwa na gurudumu la namba, ila namba zake zilikuwa siri ya serikali, na mwenye sefu hakuruhusiwa kuzijua asije akazitoa. Ya nne ilikuwa nzuri kwa kila hali ila ilikuwa fupi, na Bwana Mkwizu alishauri bunduki ikatwe mtutu, jambo ambalo, aliongeza kwa sauti ya chini, ni kosa la kunyongwa.

Mzee Dihenga alimsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Swali lake lilikuwa moja tu tangu atoke nyumbani, na sasa akaliuliza.

"Mwanangu, ninachotaka kujua ni kitu kimoja. Nyumba ikiwaka, hii bunduki ikiwa humo ndani, nitaruhusiwa kuiacha nimbebe mke wangu?"

Bwana Mkwizu aliufunga mlango wa ile sefu fupi. Wateja wengi huuliza kama sefu ina taa ndani.

"Ukiwa na ya muda wa saa mbili, ndiyo," alisema hatimaye, na ile sauti ya dukani ikawa imemtoka. "Ile pale pembeni. Hiyo ndiyo wizara inaikubali bila maneno."

Ilikuwa refu kuliko Mzee Dihenga, nyeusi, mlango wake unene wa tofali. Kati ya bati la nje na la ndani mlijazwa zege kavu lisilopitisha joto, na kuzunguka mlango palipita mpira maalumu ambao ukipata moto unavimba na kuziba kila upenyo, moshi usiingie. Bwana Mkwizu alimfungulia aone. Ndani mlikuwa na zulia jekundu lililobandikwa ukutani, ili bunduki isikwaruzike. Mzee Dihenga alipitisha kiganja juu ya zulia lile. Kitandani kwake Bi Siwema alilalia mkeka juu ya kamba.

"Uzito wake?"

"Kilo mia nne. Hiyo ndiyo sifa yake, mzee. Mwizi hawezi kuihamisha. Hakuna mtu anayeweza kuihamisha."

Karakana yake yote, pampu, spana, mashine ya kunyooshea rimu, alikwisha kuiuza kabla ya safari, na hapo akauza na baiskeli iliyomfikisha pale. Akarudi Mabanzini kwa miguu siku mbili, viatu vimefunguka, lakini njiani alikuwa akiwasalimu watu asiowajua. Alijiona kama mtu aliyepona.

*

Sefu ililetwa na watu kumi na trekta. Nyuma yake akaja mkaguzi, Bwana Kajembe, Afisa wa Silaha na Joto, mtu mfupi mwenye mafaili, akaitazama sefu, akaitazama nyumba, akatingisha kichwa.

"Sakafu ni udongo. Sefu husimama juu ya zege."

Mzee Dihenga akatafuta saruji, akamwaga zege, akangoja likauke. Kajembe akarudi akasema zege ni zuri ila pembe iliyotumika inaangalia magharibi, ambako jua huzama, na kimaadili si vizuri. Likamwagwa lingine. Akarudi, akapima, akapiga sefu kwa kifundo cha kidole mara tatu, akasikiliza, akaandika. Hii ilichukua miezi minne. Kwa miezi hiyo yote umeme ulirudi kila siku ya saba, na kila siku ya saba Mzee Dihenga alishinda ameketi kati ya kitanda na bunduki, macho juu kwenye paa, hali chakula.

"Sasa imekamilika?" aliuliza siku ya mwisho.

"Imekamilika," alisema Kajembe. "Bado kuzinduliwa."

Hapa lazima niwaeleze wageni desturi ya nchi ile. Kitu kule hakipo mpaka kizinduliwe. Kisima kinaweza kujaa maji mwaka mzima watu wanakufa kwa kiu pembeni, wakingoja mgeni rasmi aje akate utepe. Daraja ambalo halijazinduliwa halipitwi, watu wanaogelea chini yake. Hata mabwana harusi wengine hungoja. Kwa hiyo sefu ile, kilo mia nne za chuma na zege, kisheria ilikuwa bado kitu kinachotarajiwa, na bunduki haikuruhusiwa kuingia humo hata kwa kujaribu.

Kamati ya Maandalizi iliundwa, ikakaa vikao tisa. Kwa kuwa ilikuwa sefu ya kwanza kata nzima, mgeni rasmi akawa Mheshimiwa Waziri Ndimbo mwenyewe. Mtaa ulifagiliwa. Miti ilipakwa chokaa. Siku mbili kabla, Bwana Kajembe alikuja na watu wa itifaki, akasimama mbele ya nyumba ya Mzee Dihenga, na uso ukamkunjamana.

"Mheshimiwa haingii nyumba ya vyumba viwili," alisema. "Tena mlango ni mfupi, atainama. Waziri akiinama, ameinama mbele ya nani? Siku yenyewe sefu itavutwa kwa trekta hapa mlangoni, iangalie nje. Atakata utepe akiwa amesimama. Akiondoka, tunairudisha."

"Mlango ni huo mmoja," alisema Mzee Dihenga. "Mkiiweka hapo, mke wangu atatokea wapi?"

"Kwa nini atoke?"

"Basi nimtoe kwanza, akae kwa majirani."

Bwana Kajembe alifungua ratiba, akapitisha kidole toka juu mpaka chini. "Ratiba haina mgonjwa, mzee. Mgeni rasmi akiona mgonjwa itabidi aulize hospitali iko wapi, na hospitali haijazinduliwa. Majirani wote watakuwa hapa nje kwenye sherehe, kila nyumba imefungwa. Abaki ndani kwake, apumzike. Ni saa moja tu."

Dirisha lilikuwepo, lakini lilikuwa dogo na lilitiwa nondo na mpango uleule wa bunduki, ili bunduki isiibwe. Mzee Dihenga alitaka kukataa. Akaukumbuka ule mstari alioukariri, akaona miezi minne, akaona karakana yake iliyokwenda, akakubali.

"Saa moja tu, mama Chausiku," alimwambia mkewe asubuhi ya siku yenyewe, akiwa nje dirishani, sefu imekwisha kuvutwa mlangoni. "Baada ya hapo sitaogopa tena kitu."

Bi Siwema alilitazama lile kasha lililoziba mwanga wote wa mlango. "Umenifunika kama kuku anayeatamia," alisema. "Nenda kapige makofi. Ila ukae kiti cha karibu."

*

Viti vilijaa. Mzee Dihenga alikaa mstari wa mbele, bunduki imelala juu ya mikono yake miwili, kama ratiba ilivyotaka, ili baada ya utepe aiingize sefuni huku ngoma zikipigwa. Sefu ilisimama mlangoni na utepe mwekundu kiunoni. Msafara ulifika na gari la zimamoto mbele, king'ora kitamu kweli, likapiga mzunguko mmoja likaondoka kwenda kumpokea kiongozi mwingine. Na kampuni ya umeme, kwa heshima ya mgeni, ikafungulia umeme wote iliokuwa nao.

Waya wa vipaza sauti ulipitishwa juu ya paa la Mzee Dihenga kwa sababu ndiyo njia fupi.

"Tunaposema sefu," Mheshimiwa Ndimbo alisoma, "tunasema nini? Tunasema usalama. Na tunaposema usalama, ndugu zangu, tunasema nini?" Alifungua ukurasa. "Tunasema sefu."

Wakapiga makofi. Mzee Dihenga alikuwa wa kwanza kuona uzi wa moshi unatoka kwenye makuti. Alidhani ni macho. Kisha akaona mwali mdogo, mwekundu, unatambaa kufuata waya. Akasimama.

Mkono wa mtu wa itifaki ukamshika bega ukamrudisha kitini. "Mzee, hakuna anayesimama mgeni rasmi akizungumza. Yuko ukurasa wa tisa."

"Nyumba inawaka. Mke wangu yumo."

"Ni kurasa kumi na nne tu."

Mheshimiwa naye alishauona. Aliinua macho kwenye karatasi, akatabasamu. "Naona hata moto umekuja kushuhudia," alisema, na makofi yakawa makubwa kuliko yote.

Mzee Dihenga alisimama tena, na safari hii aliyemshika bega alibaki na kola ya shati mkononi. Alikimbia na bunduki kifuani. Alilisukuma lile kasha kwa bega, kwa mgongo, kwa kichwa. Halikutikisika. Lilikuwa limetengenezwa lisitikisike, na aliyelichagua ni yeye. Ndani alimsikia Bi Siwema anakohoa, halafu anamwita, si kwa kelele, kama mtu anayeomba maji. "Baba Chausiku. Baba Chausiku, moshi."

Akageuka kuomba msaada. Majirani walikuwa wamekwishatawanyika, kila mmoja amekimbilia kwake, na sasa walikuwa wanarudi mbio, watu wema, waliokula naye misibani na harusini. Wanaume wote walikuja na bunduki zao kifuani, mikono miwili. Wanawake walikuja na vyeti na picha za Kiongozi. Wakasimama nusu duara mbele ya moto. Ndoo zilikuwepo pale kisimani, kisima chenyewe kilishazinduliwa, lakini hapakuwa na mkono mtupu hata mmoja wa kushika ndoo. Walimtazama Mzee Dihenga kwa uchungu. Mmoja alikuwa analia, na machozi yanamtiririka tu kwa kuwa hakuweza kuyafuta.

Hapo akili ikamruka. Au ilimrudi, mimi sijui. Alizunguka nyumba mpaka ukuta wa chumbani, akaigeuza bunduki yake, namba arobaini elfu na kumi na saba katika vitabu vya serikali, akaishika mtutu, akaupiga ukuta kwa kitako chake. Udongo ukadondoka. Akapiga tena. Watu wakapiga kelele, maana hawakuwahi kuona bunduki inatumika. Kitako kilipasuka kwa pigo la tano. Akautumbukiza mtutu kati ya fito kama mtaimbo, akaukandamiza kwa uzito wake wote mpaka ukapinda na fito zikakatika, akautupa, akaingia kwa kichwa kwenye tundu lile.

Moshi ulikuwa umeshuka hadi kifuani. Alimkuta kwa kupapasa, amejivuta kwa mkono mmoja toka kitandani mpaka katikati ya chumba. Alimnyanyua. Hakuguna. Walitoka kwa lile tundu, yeye mgongo ukikwaruzwa na fito, na hawakuwa wamefika hatua kumi paa likaanguka.

*

Nyumba iliungua muda wa kuivisha maharage. Ilipokwisha, palibaki majivu na sefu, nyeusi vilevile, imesimama wima. Utepe tu ndio haukuwepo. Mheshimiwa Ndimbo, aliyemalizia hotuba yake yote akiwa amesogezewa kiti kivulini, alishauriwa na wataalamu wake kwamba utepe ulioungua mbele ya mgeni rasmi unahesabika kuwa umekatwa. Sefu ikamwagiwa maji, ikafunguliwa. Zulia lile jekundu halikuwa na doa. Mheshimiwa aliingiza mkono ndani akaripoti kwa kipaza sauti kwamba ni baridi. Wakapiga makofi, wale waliokuwa na mikono.

"Sasa," alisema, "bunduki iko wapi?"

Bwana Kajembe aliiokota ikiwa vipande vitatu, akavipanga chini juu ya kitambaa cheupe. Mtutu ulikuwa umepinda kama mundu. Mheshimiwa alivua miwani.

"Moto haujaigusa," alisema taratibu, kama anayeongelea marehemu. "Aliyeivunja ni binadamu." Akapanda gari lake akaondoka.

Akabaki koplo mmoja wa polisi, Koplo Lihame, na pingu zake. Alimwendea Mzee Dihenga, ambaye alikuwa amesimama palepale alipofikia baada ya kutoka tunduni, mkewe mikononi, wote wawili weusi kwa masizi. Koplo alisimama mbele yake akawa hajui aanzie wapi.

"Mzee, shikamoo. Nimetumwa nikukamate."

"Marahaba. Naelewa."

"Kanuni inasema mtuhumiwa atiwe pingu mikono yake ikiwa mitupu. Nakuomba umweke mama chini."

Mzee Dihenga alitazama chini. Palikuwa na majivu ya moto. Alitazama majirani, na majirani wakatazama bunduki walizokumbatia. "Wewe huwezi kumshika?" alimwuliza koplo.

"Polisi hatuchukui raia asiye na mashtaka."

"Nikimweka chini, nitarudi lini?"

Koplo Lihame alihesabu kimoyomoyo, akaona aibu kusema. "Baada ya miaka saba, mzee."

"Nani atamtoa barazani asubuhi?"

Koplo alikuwa na mama yake kijijini. Alitazama barabarani, akaona hakuna mkubwa wake, akaziingiza pingu mfukoni, akavuta kiti kimoja kati ya viti vya wageni, akaketi. "Mimi sina haraka," alisema. "Kanuni haikutaja muda."

Viti vingine vilikusanywa. Vipaza sauti vikapakiwa. Jua lilihama toka utosini likaanza kuwachoma ubavuni. Majirani hawakuondoka na hawakusogea. Mzee Dihenga alikuwa na miaka sitini na mmoja na hajala tangu jana.

"Niweke chini, baba Chausiku," alisema Bi Siwema, mdomo karibu na sikio lake. "Mikono inakutetemeka."

"Haitetemeki."

"Inatetemeka, naisikia mgongoni. Niweke, mume wangu. Umenibeba vya kutosha."

"Bado," alisema Mzee Dihenga. Akampandisha kidogo kifuani, akautanguliza mguu wake mwenyewe wa kulia apate kusimama vizuri.